Shukrani kwa uliyetufafanulia dozi ya leza

Ndugu uliyetuelekeza bila kutaja jina jinsi ya kupima dozi ya leza ya tiba, yaani mwanga wa kutibu unaomulikwa kwenye ngozi, ahsante sana. Umegusa jambo ambalo watibabu wengi wa uti wa mgongo hulipuuza: dakika peke yake si dozi. Wati (nguvu ya leza) zidisha kwa sekunde, unapata jouli, yaani kiasi cha nishati. Kichwa cha kifaa cha leza cha miliwati 100, yaani wati 0.1, kikikaa sekunde 40 kwenye nukta moja hutoa jouli 4. Dozi ikipita kiasi, nafuu hupungua. Kichwa nacho kigandamizwe wima kwenye ngozi safi, maana kikiinuliwa mwanga mwingi huakisiwa.

Zaidi ya yote, ahsante kwa kusisitiza miwani ya kukinga macho dhidi ya leza, mgonjwa naye avae. Mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 808 hauonekani, hivyo jicho halifumbi kujikinga. Miwani ya jua haifai kabisa. Itafutwe iliyotengenezwa kwa urefu huohuo wa wimbi.