Madigan hakuwa seneta, wala hakufungwa kwa wizi wa kura

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kwenye simu miaka nenda miaka rudi, mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya teksi hapa uwanja wa ndege wa Midway, Chicago, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Mmechapia mengi nikanyamaza. Ila ile habari yenu ya Michael Madigan imenikaa kooni.

Kwanza mmemwita seneta. Hakuwahi kuwa seneta hata kwa siku moja. Alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Illinois, aliingia Januari 1971 akatoka Februari 2021, na katika miaka hiyo 50 alikalia kiti cha spika miaka 36. Mitaa inayouzunguka uwanja huu ninapopaki ndiyo iliyokuwa ikimpeleka bungeni. Pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi, mmeandika kwamba chaguzi zote zile alizishinda kwa wizi wa kura, mkamalizia kwamba dawa ni ukomo wa mihula. Basi.

Mhariri, mtu huyu hakufungwa kwa kura. Februari 2025 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa makosa 10 kati ya 23, mambo ya rushwa na ulaghai. Kampuni ya umeme ya ComEd ilikuwa ikiwalipa watu wake kwa kazi ambazo hawakuzifanya, au walizigusagusa tu, ili mambo ya kampuni yapite bungeni. Akapigwa miaka 7 na nusu na faini ya dola milioni 2.5, naye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 83. Kura aliibaje, na za nini? Kila miaka miwili alikuwa akizipata, mara 26, kuanzia 1970 hadi 2020. Mkisema aliiba, mnawafanya watu wa huku waonekane walinyang'anywa, kumbe walitoa kwa mkono wao wenyewe.

Nyinyi wa nyumbani mngelielewa jambo hili haraka kama mngemtaja balozi wa nyumba kumi. Ndivyo alivyofanya kazi. Alishika uongozi wa chama chake katika kata ya 13 tangu 1969, na kila mtaa ulikuwa na balozi wake, anayejua nani kafiwa na nani kahamia. Pipa la taka limepasuka? Mwambie balozi. Mti umeinamia waya za umeme? Balozi. Wengi wa mabalozi hao nao walikuwa na kazi serikalini, na kazi hizo hazikudondoka kutoka mbinguni. Sasa uchaguzi ukifika, balozi yule yule anagonga hodi akiwa na karatasi mkononi, theluji imemjaa mabegani. Utamwambiaje hapana, na pipa jipya liko pale nyuma yako?

Halafu kuna ramani. Mwaka 1981 vyama viwili vilishindwa kukubaliana kuchora upya majimbo ya uchaguzi, na katiba ya Illinois inasema mkikwama hivyo mpige kura ya bahati. Jina likachomolewa kwenye kofia, likawa la Chama cha Democratic, na Madigan ndiye aliyeshika kalamu, akachora mipaka ya kukifaa chama chake. Januari 1983 akawa spika. Mwaka 1991 kofia ikawapa Republican, wakachora wao, na mwaka 1995 akakipoteza kiti cha spika kwa miaka miwili. Miaka miwili tu! Haya ndiyo mambo ya kuwaeleza wasomaji.

Mwaka 2016 kijana mmoja, Jason Gonzales, alijitokeza kumpinga kwenye kura za mchujo. Ghafla karatasi ya kura ikawa na majina mengine mawili, yote ya Kilatino kama lake, ya watu ambao hata kampeni yao haikuonekana. Gonzales alikwenda mahakamani akidai wamepandikizwa kumgawia kura. Akashindwa, kwa sababu wakati wa kampeni alikuwa ameshalisema jambo hilo mwenyewe na magazeti yakaliandika, kwa hiyo mpiga kura alikuwa anajua. Madigan alipata asilimia 65 hivi, kwa hiyo hata ukimrudishia Gonzales kura zote za wale wawili, bado anashindwa.

Mimi habari hiyo niliisoma nikacheka, nikasema Wamarekani bwana. Miaka michache baadaye nikaacha kucheka. Tuna chama chetu cha Watanzania katika mji huu, na mwenyekiti ambaye simtaji, maana akisoma hapa atajijua, ameshika kiti tangu mtoto wangu wa mwisho yuko kwenye nepi, na mtoto huyo sasa anaendesha gari. Nguvu yake ni mfuko wa kusafirisha maiti. Ukifiwa hapa, yeye ndiye mwenye namba ya nyumba ya mazishi, yeye ndiye anayejuana na watu wa mizigo wa shirika la ndege, yeye ndiye anayesimama mbele ya watu ukumbini kutangaza michango. Kaka yangu alipofariki, jeneza lilifika Tanga siku ya sita. Nani atampinga mtu wa namna hiyo? Basi ukaja uchaguzi, na binti mmoja nesi, mtu wa Tanga kama mimi, akachukua fomu, akasema anataka hesabu za mfuko ziwekwe wazi. Wiki haikuisha, akaja rafiki wa mwenyekiti nyumbani kwangu na fomu nyingine. "Mzee, wewe una heshima zako, jaza tu." Nikajaza! Mke wangu akanipigia pasi kanzu. Nikahutubia dakika mbili, nikapigiwa makofi mpaka nikaona kama kweli. Kura zikahesabiwa: mwenyekiti 41, nesi 33, mimi 12. Yule binti alikuja kunipa mkono, bado amevaa sare ya kazini, mikono inanuka dawa ya hospitali. "Hongera kaka, umepata kumi na mbili." Hakusema lingine. Nilipofika kwenye gari ndipo nikapiga hesabu, 33 na 12.

Hakuna aliyeiba kura pale ukumbini. Nilikuwepo zilipohesabiwa, moja moja, juu ya meza ya pilau.

Na huo ukomo wa mihula wenu utafanya nini? Madigan alipojiuzulu ubunge, sauti kubwa kuliko zote katika kumchagua mrithi ilikuwa ni yake yeye mwenyewe, kwa cheo chake cha kata. Akamweka mtu, mtu huyo hakumaliza hata wiki, akamsukuma atoke, akawekwa mwingine. Mwenyekiti wetu naye ana mashemeji.

Mimi ninachopendekeza ni hiki. Daftari la maiti litolewe kwa mwenyekiti likakae kwa yule mama anayetuuzia chapati Jumamosi, ndani ya kopo la biskuti, na yeyote atakayelishika asiruhusiwe kugombea hata ukatibu wa michezo. Namba ya nyumba ya mazishi ibandikwe ukutani, kwa maandishi makubwa. Na nyinyi chapisheni sahihisho: mjumbe, si seneta.

Uchaguzi wetu mwingine ni Desemba. Fomu nimeshaletewa tena, na mtu yule yule. Iko hapa kwenye dashibodi, chini ya risiti za mafuta.

Dereva teksi,
Chicago