Kwa Nini Kipimo cha Maumbile ya Mtoto Hakiishi kwa Dakika Tano

Lalamiko tunalolisikia zaidi kwenye dirisha letu la malipo hapa Dar es Salaam ni la mama anayeuliza kwa nini ultrasaundi ya wiki ya 20 inagharimu karibu mara mbili ya ile ya wiki ya nane, ilhali mashine ni ile ile na kitanda ni kile kile. Mmoja aliondoka akisema wazi kwamba tumemwibia, kwa kuwa kituo kingine kilikuwa kimempa jinsia na mapigo ya moyo kwa dakika tano.

Jinsia na mapigo ya moyo havituambii lolote kuhusu ubongo. Kipimo cha maumbile, ambacho wakati wake mzuri ni kati ya wiki ya 18 na 22, huchukua nusu saa au zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo tunaitumia kichwani. Tunapima upana wa vyumba vya maji ya ubongo, ambao unatakiwa kuwa chini ya milimita 10. Tunatazama ubongo wa nyuma na nafasi ya maji iliyo nyuma yake. Tunahakikisha kwamba ubongo umegawanyika vizuri kulia na kushoto. Kisha tunafuata uti wa mgongo pingili kwa pingili. Mgongo wazi mara nyingi hutoa dalili kichwani kwanza, kwani fuvu huchukua umbo la limau na ubongo wa nyuma huvutwa chini ukajipinda. Mtoto akiwa amelala vibaya, tunamwomba mama atembee kidogo uani, kisha arudi kitandani. Wanaotoza nusu bei hawana muda wa kumsubiri mtoto ageuke.

Wako wanaodhani kipimo cha mapema kinatosha. Kukosekana kwa fuvu huweza kuonekana kati ya wiki ya 11 na 14, lakini utepe unaounganisha pande mbili za ubongo hukamilika karibu na wiki ya 20, na kisichokuwapo bado hakiwezi kukaguliwa. Katika wiki ya nane au ya tisa, ubongo wa nyuma huonekana kama tundu jeusi lenye maji, jambo la kawaida kabisa. Hata hivyo tuliwahi kumpokea mama aliyekuja analia kwa sababu aliandikiwa "maji kichwani" katika umri huo huo.

Wengine husubiri mwezi wa nane, "nione tu mtoto amelalaje". Hapo fuvu limekuwa gumu, kichwa kimeshuka kwenye nyonga, na picha ni hafifu. Mama mmoja alitufikia katika wiki ya 35 akiwa na karatasi tatu kutoka sehemu mbalimbali, zote zimeandikwa "mtoto yuko salama", na hakuna hata moja iliyotaja kipimo cha vyumba vya ubongo. Vilikuwa vimezidi milimita 15. Safari ya kwenda MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, ambayo ingepangwa kwa utulivu tangu mwezi wa tano, ilipangwa kwa haraka, naye alikuwa amekwisha kulipa zaidi ya bei yetu.

Upimaji mbaya hutisha pia pasipo sababu. Mteja mwingine aliletwa na ripoti ya milimita 12. Alama za kupimia zilikuwa zimewekwa kimshazari, na tulipopima upya tulipata nane. Tulimtoza bei kamili, wala hatuoni aibu.

Ripoti yetu husema "hakuna kasoro iliyoonekana leo", kwa sababu maji kichwani huweza kuanza baadaye kutokana na maambukizi au kuvuja kwa damu. Anayefika kwetu aje na kadi ya kliniki yenye tarehe ya hedhi ya mwisho pamoja na ripoti zote za awali. Mtoto akikataa kabisa kugeuka, miadi ya kurudia imo ndani ya bei ile ile.