Shukrani kwa dada wa kwenye foleni

Dada, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma. Wewe ndiye uliyetupia jicho pasipoti yangu pale uhamiaji ukaniuliza, "Viza yako ni ya kuingia mara ngapi?" Mimi nilikuwa natamba na kibali cha ukaazi chenye miezi 7 mbele, sikujua kwamba kibali cha kukaa ni kimoja na ruhusa ya kurudi ni nyingine. Viza yangu ilikuwa ya kuingia mara moja tu, na mara hiyo nilishaitumia. Na tiketi ya kwenda kwa mama ninayo mfukoni! Ulinisubiri nikajaza fomu ya kuomba ruhusa ya kurudi, ukanikumbusha niangalie pia pasipoti yenyewe inaisha lini. Nimekwenda kumuuguza mama, nimerudi, nimegongewa muhuri bila swali. Ahsante sana, dada.