Ng'ombe anarudia joto kila mara? Usilaumu mbegu kwanza

Simu tunazopigiwa sana sisi tunaopandisha ng'ombe kwa mbegu ya dume iliyogandishwa ni za hivi, "Daktari, ile mbegu yako haijashika, ng'ombe karudia tena." Wengine hata salamu hakuna 😅. Ni kweli mbegu inaweza kufa, naitrojeni inayoigandisha ikiisha mtungini hapo hamna kitu, ila mara nyingi kinachotuangusha ni muda.

Joto lenyewe, yaani ng'ombe kutaka dume, ni kama masaa 12 mpaka 18 tu, na yai linatoka baada ya joto kuisha. Kwahiyo umemwona asubuhi, apandishwe jioni, umemwona jioni basi kesho yake asubuhi na mapema. Sasa mtu anaona leo anatupigia kesho kutwa, hapo tutapandisha nini jamani?

Na wa kuangalia sio anayewapanda wenzake, ni yule anayepandwa akasimama katulia bila kukimbia. Kama unaye mmoja tu bandani, mtazame nyuma, ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai, maziwa yanapungua ghafla, analialia bila sababu. Wengi wanaonyesha usiku, kwahiyo pitia banda kabla hujalala na alfajiri kabla ya kukamua. Ukiona damu damu kwenye mkia ujue umechelewa, andika tarehe, ikifika kama siku ya 18 anza kumvizia tena.

Halafu hii ya "nipe mbegu ya lita nyingi za maziwa"... tunayo, lakini chakula unacho? Ndama wa mbegu hiyo akikulia majani makavu matupu atakonda na joto lenyewe asionyeshe, bora chotara anayeendana na malisho yako. Mtamba (jike ambaye hajazaa bado) naye tunaangalia mwili sio umri tu, wa Friesian afike karibu kilo 300, na tunamtafutia dume linalozalisha ndama wadogo asije akapata shida kuzaa.

Siku ya kazi mrija wenye mbegu tunauyeyusha mbele yako kwenye maji ya nyuzi 35 mpaka 37, fundi akiuyeyushia kwapani mfukuze tu. Namba ya dume iko kwenye mrija, iandike, la sivyo binti atakuja kupandishwa mbegu ya baba yake.

Ukipiga simu tuambie umemwona saa ngapi, alizaa lini (kama hata siku 45 hazijafika tutakwambia subiri) na mara ya mwisho alipandishwa dume gani.