Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hoja za Kuingia Vitani na za Kutoka

Ndugu wanachama,

Ada na matumizi yamo katika karatasi ya mweka hazina, nayo hayana utata. Nitatumia nafasi hii kueleza kazi iliyotushughulisha zaidi: kupima hoja za wataalamu wa sera za nje kuhusu kuanza vita na kuvimaliza, tuone kama mtu hutumia kipimo kile kile pande zote mbili.

Tunatumia daftari, kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto huandikwa hoja ya kabla ya vita pamoja na tarehe yake. Kulia, hoja iliyotolewa jeshi lilipotakiwa kurudi. Kila ukurasa hujibu maswali yale yale: lengo ni lipi, unatakiwa ushahidi kiasi gani, nani atabeba gharama, na itakuwaje tusipofanya. Swali la ushahidi ndilo linaloumbua wengi. Kwa Iraq mwaka 2003, shaka kwamba zipo silaha za maangamizi ilitosha kuingia. Ilipofika zamu ya kutoka, likadaiwa hakikisho kwamba nchi haitavurugika. Shaka ile ile ikawa sababu ya kuingia na sababu ya kubaki.

Mfano wa kwetu Uganda ni LRA, kundi la waasi la Joseph Kony. Kony alikataa kutia saini mkataba wa amani wa Juba, na tarehe 14 Desemba 2008 kambi zake za Garamba, Kongo, zikashambuliwa kwa ndege. Oktoba 2011 Marekani ilitangaza kuleta wanajeshi wapatao 100 wa kutoa ushauri, na lengo likatajwa: Kony aondolewe uwanjani. Mwaka 2017 Uganda na Marekani ziliacha msako katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kony akiwa bado hajakamatwa. Sasa kipimo kilikuwa kwamba wapiganaji wake wamebaki chini ya 100. Si kipimo kibaya, pengine kingefaa tangu mwanzo. Ila ukifungua ukurasa wa kushoto hukioni.

Somalia inahitaji uangalifu zaidi. Azimio 1744 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Februari 2007, liliipa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini humo, miezi sita, na askari wetu wakatua Mogadishu mwezi uliofuata. Jina la kikosi likawa ATMIS Aprili 2022, kisha AUSSOM Januari 2025. Anayetaka kuondoka husema jeshi la Somalia limekomaa. Anayetaka muda uongezwe husema bado changa. Hapo tazameni nani analipa. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza kwa asilimia 20 fedha zake za posho za askari, na mara mazungumzo ya kuondoka yakapamba moto. Ilikuwa hoja ya mfuko, si ya Mogadishu kutulia.

Angalieni pia hoja ya "waliokufa watakuwa wamekufa bure". Hukaa ukurasa wa kulia tu. Hakuna anayeanzisha vita kwa hoja hiyo, na kila mwezi wa kubaki huizidishia uzito bila kuongeza ushahidi wowote.

Sasa makosa yetu wenyewe. Baadhi yetu tuliwahesabia unafiki watu waliobadili mawazo waziwazi na kueleza sababu. Hao tumewafuta katika orodha. Wengine waliweka watu wawili kwenye ukurasa mmoja. Kuhusu hati za kumkamata Kony zilizotolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) mwaka 2005, kuna waliosema ndizo zilizomsukuma kwenye meza ya mazungumzo, na kuna waliosema ndizo zilizomzuia kutia saini. Hiyo ni kambi mbili zinazobishana, si mtu mmoja anayejipinga. Kichwa cha habari cha gazeti nacho hakitoshi: nakilini aya nzima, maana sharti la "iwapo" huwa limejificha sentensi ya pili.

Mwakani tutashughulikia operesheni Shujaa, iliyoanza mashariki mwa Kongo tarehe 30 Novemba 2021 dhidi ya waasi wa ADF. Kila mwanachama ajaze ukurasa wa kushoto kwa kauli za miezi ya kwanza pekee, kwa wino, na kulia paachwe wazi. Madaftari mapya yako kwa katibu.

Mwenyekiti