Papa Burgumesta, bandika bajeti ukutani

Lubumbashi

Papa Burgumesta,

Nakusalimu kwa heshima, wewe mkuu wa komini yetu, sehemu hii ya mji. Jina la komini yetu siliandiki hapa, maana sitaki barua hii igeuke ugomvi wa watu wawili. Ukifika kwenye habari ya kanivo, ule mtaro wa maji wa mbele ya soko, utajua ni wewe ninayekuandikia.

Ulituita wakaaji tuje tuzungumzie bajeti. Tuliambiwa saa nne za asubuhi. Saa sita inakaribia, watu wa protokole bado wanapanga viti vya mbele, vile vyenye vitambaa, na mama wa soko wameanza kuondoka mmoja mmoja kwa sababu nyanya hazingoji. Ulipofika tulisimama, tukapiga makofi, tukasikiliza salamu za rais wa Jamhuri, za gavana, za meya, za machefu wa kartye (mitaa), za wakubwa wa dini. Ni adabu, sikatai. Ila bajeti yenyewe ilikuja mwisho kabisa, ikasomwa kwa Kifaransa cha mbio na kijana aliyeinamia karatasi zake, na kabla hatujajua kama anataja mapato au matumizi, sukre, yaani soda, na mikate vikaanza kugawiwa. Mzee mmoja akanyanyua mkono aulize habari ya kanivo. Akajibiwa kwamba swali lake si la leo. Ni la lini, Papa?

Kanivo yenyewe unaijua, gari lako linapita pale. Imejaa chupa za plastiki, sasheti na udongo mpaka juu, hata majani yameota. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda, yanapanda kwenye meza za watu. Jirani yangu anayeuza samaki wakavu ameinua meza yake juu ya matofali. Mtu wa takse, ile kodi ya soko, anapita kwake kila asubuhi, anamkatia tiketi, anaondoka. Mama huyo anazitunza tiketi zote ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nilimwuliza za nini. Akasema siku nyingine anakuja mtu mwingine, anadai tena, na bila karatasi utalipa mara mbili. Kopo limejaa, sasa anatafuta lingine. Kwa hiyo mwanamke huyo ana hesabu za komini zaidi kuliko sisi tuliokaa kwenye mkutano wako tangu asubuhi.

Mimi katika yale yaliyosomwa nilikamata kitu kimoja: «uendeshaji». Neno hilo lilirudi, likarudi tena. Uendeshaji wa nini? Nilipokwenda ofisi ya kartye kutafuta cheti cha ukaaji, nilitumwa ng'ambo ya barabara nikapige fotokopi kwa pesa yangu, kisha nikaazima kalamu. Kama uendeshaji hauwezi kununua karatasi, basi unanunua nini?

Najua utasema Kinshasa hairudishi pesa. Ni kweli, na hapo niko upande wako. Katiba ya 2006 iliandika kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na ikatwe kwenye chanzo. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaongeza kwamba miji, komini, sekta na shefri (tawala za vijijini) zina haki ya asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Kwa vitendo pesa inapanda kwanza Kinshasa, halafu inarudi inapotaka, kidogo na kwa kuchelewa. Sasa kwa nini hilo unalisema pembeni tu, ukilalamika kwa rafiki zako? Liandike. Tulitakiwa kupata kiasi hiki, tumepata kiasi hiki. Siku watu wakiona pengo hilo kwa macho yao, hawatakulaumu peke yako.

Wenzetu wenye mgodi ndani ya mipaka yao wana habari nyingine. Tangu Kanuni ya Madini irekebishwe 2018, asilimia 15 ya redevansi, ile ada ambayo makampuni ya madini yanailipa serikali, inakwenda kwa komini au sekta yenye mgodi. Ugomvi wao watauandika wenyewe. Sisi hatuna shimo wala mnara wa mgodi. Pesa tunayoiona kwa macho ikitoka mifukoni mwa watu ni ile ya meza za soko. Ndiyo maana tunaiuliza kwa ukali.

Tarehe 20 Desemba 2023 tulipanga mstari tukachagua washauri wa komini, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii. Babu zetu walikuwa wamepiga kura ya komini Desemba 1957, mji ukiitwa bado Elisabethville. Kazi ya washauri ni kuijadili na kuipitisha bajeti, na kukuuliza ulivyoitumia. Kwenye mkutano ule sikusikia hata mmoja akipewa neno. Kama walikuwepo, walikuwa wanapiga makofi pamoja nasi.

Usiniambie haiwezekani. Bukavu, katika komini za Ibanda na Bagira, zaidi ya miaka kumi iliyopita wakaaji waliitwa kwa ujumbe wa simu kwenye mikutano ya bajeti shirikishi, na wakapiga kura kwa simu hizo hizo kuchagua kazi itakayotangulia. Simu zenyewe hazikuwa hata za intaneti.

Ninachoomba si barabara ya lami. Bandika kwenye ukuta wa komini, na kwenye mlango wa soko pia, karatasi moja kwa Kiswahili: kilichoingia mwezi huu na kutoka wapi, kilichotoka na kwenda kwa nani. Mkutano ujao uite Jumamosi saa tisa alasiri, mama wa soko wakiwa wamepunguza bidhaa, na uanze na bajeti, salamu zifuate. Sukre mnaweza kuiacha, pesa yake ilipe vijana wenye makoleo waifungue kanivo kabla ya Oktoba.

Nitaleta kopo la tiketi, mwenyewe amekubali. Mtu wako wa hesabu alete daftari lake la soko, tuvisome pamoja mbele ya watu.

Mkaaji wako

Nakala: washauri wa komini, chefu wa kartye, kamati ya soko