Malalamiko Kuhusu Piano Isiyoshika Sauti

Mombasa

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Ala za Muziki,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

MINT: PIANO ILIYOTUMIKA NILIYOUZIWA KAMA ILIYOKARABATIWA

Ninakuandikia kuhusu piano ya wima iliyotumika niliyoinunua katika duka lenu kwa shilingi 480,000, ambayo risiti yenu inaieleza kuwa ya Kijapani, ya miaka ya 1990, na iliyokarabatiwa kikamilifu, lakini ambayo tangu ifike nyumbani kwangu haijaweza kushika sauti. Nilipolalamika kwa simu niliambiwa kwamba unyevu wa pwani ndio ulioiharibu, na kwamba kuitia sauti, yaani kurekebisha mkazo wa nyuzi zake, ni jukumu la mnunuzi. Siyakubali majibu hayo.

Kuhusu jukumu la mnunuzi, sina ubishi na kanuni yenyewe. Piano yoyote ikihamishwa kutoka nyanda za juu hadi pwani hubadilika sauti, na ni desturi kuiacha wiki kadhaa izoee hewa ya chumba kabla ya kumwita fundi. Ndivyo nilivyofanya, tena niliiweka kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jua. Fundi alipokuja aliikuta nota ya A iliyo juu ya C ya kati iko karibu nusu toni chini ya mitetemo 440 kwa sekunde inayotakiwa, akaipandisha kwa awamu, kama inavyostahili ala yenye nyuzi zipatazo 230 ambazo mvuto wake kwa jumla hukaribia tani 18. Alipoondoka ilikuwa inalia vizuri. Haikuchukua muda nota za katikati, ambazo kila moja ina nyuzi tatu, zikaanza kuachana: uzi mmoja unashuka, miwili inabaki mahali pake, na kibonyezo kimoja kinatoa sauti mbili zinazogombana. Binti yangu, anayejiandaa kwa mtihani wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, sasa anafanya mazoezi kwa jirani.

Fundi aliporudi alivipima vigingi vinavyofungiwa nyuzi, kimoja baada ya kingine. Kigingi kizima hukataa kuzunguka mpaka fundi atie nguvu kwenye ufunguo wake, kwa sababu kimebanwa na ubao wa tabaka za mbao ngumu uliofichwa nyuma ya fremu ya chuma. Vingi vya piano hii, hasa vya katikati na vya besi, vilizunguka kama kizibo cha chupa iliyozibuliwa mara nyingi. Ubao wenyewe umechoka, na hakuna kutia sauti kutakakoponya hilo. Fundi anaweza kuvuta uzi hadi mahali pake leo, lakini hana uwezo wa kuuzuia usirudi kesho iwapo kigingi hakina pa kushikilia.

Zaidi ya hayo, fundi alikuta baadhi ya vigingi ni vinene kuliko vingine, na alipovichomoa viwili alikuta vimeviringishiwa vipande vya karatasi ya msasa ili vibane ndani ya matundu yaliyopanuka. Hii ni mbinu ya zamani ya kuificha hitilafu hii kwa muda, na aliyeitumia alijua vizuri kuwa ubao hauna nguvu tena. Kama kazi hiyo ilifanyika katika karakana yenu, basi mliniuzia kitu ambacho kasoro yake mliijua. Kama ilifanyika kabla hamjaipokea, basi ukarabati kamili unaotajwa kwenye risiti haukuhusisha hata kuvipima vigingi, jambo ambalo fundi yeyote hulifanya mwanzo kabisa. Rangi nyeusi ya nje, nakiri, imepakwa upya kwa ustadi mkubwa.

Sasa kuhusu unyevu. Ni kweli kwamba hewa ya Mombasa ni adui wa piano: hutia nyuzi kutu, hufanya vibonyezo vigande na nyundo zinazogonga nyuzi ziwe nzito. Ila mbao ikinyonya unyevu huvimba. Ubao wa sauti, ule mpana unaokuza mlio wa nyuzi, ukivimba nyuzi hukazika na sauti hupanda, na ubao wa vigingi ukivimba huvibana vigingi zaidi. Vigingi hulegezwa na ukavu, pamoja na miaka mingi ya mbao kuvimba na kusinyaa. Ingekuwa hoja yenu ni ya kweli, piano hii ingefika kwangu ikiwa imara kisha ipande sauti. Ilifika imeshuka, ikaendelea kushuka katikati ya masika.

Umri nao unatia shaka. Nambari iliyopigwa kwenye fremu ya chuma, inayoonekana ukifunua kifuniko cha juu, nimeilinganisha na orodha ambayo kiwanda chenyewe kimeitoa kwa umma, nayo inaonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sina ugomvi na kiwanda, wala piano ya umri huo si lazima iwe mbovu ikiwa imetunzwa. Ninacholalamikia ni kwamba nilitozwa bei ya piano yenye umri mdogo kwa takribani miaka 20.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Kwa hivyo ninataka muichukue piano hii kwa gharama yenu na mnirudishie shilingi 480,000 pamoja na nauli ya lori niliyolipa. Niko tayari pia kupokea piano nyingine ya thamani hiyo, kwa sharti kwamba fundi nitakayemchagua mimi aikague, vigingi vikiwemo, kabla haijapakiwa. Sitakubali matundu yamiminiwe gundi, kama mfanyakazi wenu alivyopendekeza kwenye simu.

Nimeambatisha nakala ya risiti, ripoti ya fundi, na picha za nambari ya fremu na za vigingi vilivyochomolewa. Vigingi hivyo na karatasi zake nimevihifadhi. Mkitaka kumtuma fundi wenu aje kujionea, piano ipo na nitamfungulia mlango siku yoyote ya Jumamosi, mradi fundi wangu awepo. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitawasilisha dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Mnunuzi